Jiko la Mwambao: Mwili wa Jiwe, Mlango wa Mbao

Wiki hii ukurasa huu unasafiri kutoka Lamu hadi Mtwapa, nao umebeba swali moja la nyumbani: familia yenye kipato cha wastani, inayojenga nyumba yake ya kwanza hapa Pwani, itengeneze makabati gani ya jikoni ili fedha zake zisipotee? Huenda wanaume wengi wakaliona swali hili kuwa dogo. Dada zetu wanajua kwamba si dogo, kwa kuwa wao ndio wanaosimama mbele ya makabati hayo tangu chai ya alfajiri hadi vyombo vya usiku, na wao ndio wa kwanza kuona ubao unapoanza kuvimba chini ya sinki.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuwaona jamaa. Nilifuatana na mama watoto pamoja na binti yetu mkubwa, ambaye yeye na mumewe wamejenga Mtwapa kwa miaka minne, tofali juu ya tofali, kila mwezi kwa kadiri ya riziki. Nyumba ilikuwa imefikia kupigwa lipu. Binti alikuwa amebeba mkobani makisio ya bei kutoka duka moja la mjini linalouza majiko yaliyokamilika, pamoja na picha ya kupendeza ya makabati meupe yanayong'aa. Bei hiyo ingezimeza fedha zote walizoziweka kwa ajili ya tangi la maji na dari, na bado kungebaki deni la kulipwa kila mwezi pamoja na nyongeza. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hivyo kila nyumba tuliyoingia njiani tuliitazama kwa jicho la jikoni.

Tuanze Lamu. Msafiri hushuka gari Mokowe, akapanda mashua, na baada ya muda mfupi mji unajitokeza mbele ya maji. Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni huja kutazama milango yake ya nakshi na vichochoro vyake. Sisi tulipanda ngazi. Katika nyumba nyingi za zamani za mawe za Lamu, jiko halikai chini karibu na mlango wala halikai katikati ya vyumba. Liko juu kabisa, ghorofa ya mwisho, chini ya paa la makuti, pande zake zikiwa wazi kwa upepo. Moshi hutoka bila kupita vyumbani, joto la moto halishuki kwa wanaolala, na mvuke wa wali haupati ukuta wa kuulowesha.

Shangazi yake mama watoto, bi mkubwa aliyekwisha kupita miaka sabini, alitupandisha hadi jikoni kwake. Hapakuwa na kabati hata moja kwa maana tunayoijua leo. Palikuwa na uchaga wa kuanikia sufuria, susu la kamba lililoning'inia kutoka kwenye boriti ili chakula kisifikiwe na paka na sisimizi, kinu na mchi pembeni, mbuzi ya kukunia nazi, ungo na kawa zikiwa zimetundikwa ukutani. Ukutani kwenyewe mlikuwa na vishimo vya mraba vilivyoachwa na waashi tangu nyumba ilipojengwa, na ndani yake mlikaa chumvi, viungo na taa.

Binti yangu akamwuliza, "Bibi, hukuwahi kutaka kabati?"

"Nililetewa nilipoolewa, mwanangu. La mbao, zuri, lina vioo. Mchwa walilila mguu mmoja, kisha wa pili, na kaskazi moja ya mvua likamaliziwa na unyevu. Haya matundu ya ukutani niliyakuta, na nitayaacha."

Tuliposhuka, alituonyesha zidaka katika chumba cha ndani, zile safu za vishubaka vya lipu zilizopangwa ukuta mzima. Zidaka hazikuwa za jikoni, na ni vyema jambo hili lisichanganywe. Zilikuwa ni pambo na heshima ya nyumba, mahali pa kuweka sahani za kauri kutoka ng'ambo na vitu vya thamani. Hata hivyo fikra ya waashi wale ni ileile juu na chini: palipohitajika rafu ya kudumu, waliijenga kwa jiwe na chokaa, wakaihifadhi mbao kwa mahali ambapo jiwe halifai, yaani mlango, kitanda, sanduku na boriti ya kubebea dari. Hawakuwa na uhaba wa mafundi wa mbao. Lamu ni mji wa maseremala hadi leo. Waliijua tu tabia ya nchi yao.

Tabia hiyo ina mambo manne ambayo mnunuzi wa makabati hapaswi kuyasahau. La kwanza ni unyevu wa hewa, ambao Pwani haupungui sana hata wakati wa jua kali. La pili ni chumvi, inayosafiri na upepo wa bahari na kuzila bawaba na skurubu kabla haijaonekana juu ya mbao. La tatu ni mchwa, ambao hupanda kutoka ardhini kupitia ukuta na sakafu. La nne ni mvuke na maji ya jikoni penyewe, ambayo katika nyumba za siku hizi yamefungiwa ndani. Sisi tumelishusha jiko kutoka juu ya paa, tukaliweka katikati ya nyumba, kisha tukaagiza makabati yaliyobuniwa kwa ajili ya miji ya baridi na kavu.

Kutoka Mokowe barabara inapita Witu na Garsen hadi Malindi, na kusini kidogo ya Malindi iko Gede. Tulisimama hapo kwa saa moja, kwa kuwa mama watoto hajawahi kuingia. Ni mji wa Waswahili uliositawi kwa karne kadhaa kisha ukahamwa na wenyewe kufikia karne ya 17, msitu ukaufunika. Mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na baadhi ya nyumba zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake, mojawapo ikiitwa nyumba ya bakuli la kauri. Msomaji na alitafakari hilo: familia nzima imeishi, imekula na imehama, na kilichoitambulisha nyumba yao ni chombo cha mezani. Mbao zote zimekwenda. Milango, boriti, masanduku, kama palikuwa na rafu ya ubao, vyote vimerudi udongoni. Kilichosimama ni ukuta wa matumbawe na vishubaka vilivyochongwa humo. Binti yangu alitia mkono katika kimoja, akapima kwa shibiri, kisha akatoa kile kikaratasi cha makisio akakisoma upya. Makisio yalitaja rangi, mng'ao na mtindo. Hayakutaja mbao yenyewe ilikuwa ni ya namna gani.

Jibu la hilo tulilitafuta Mombasa, katika karakana za maseremala. Atakaye kununua kwa thamani lazima kwanza ajue majina ya vitu, kwa sababu neno "kabati la mbao" siku hizi limebeba vitu vingi visivyofanana. Tulipita kwa mafundi watatu wa Kisauni na Majengo, na mmoja wao, mtu mzima aliyeanza kazi utotoni, akatupa darasa kamili huku akipiga randa.

"Sheikh," alisema, "usiniulize kabati bei gani. Niulize mwili wake ni nini, mlango wake ni nini, na chuma chake ni kipi. Hizo ni bei tatu."

Mwili wa kabati, yaani kuta zake za pembeni, sakafu na rafu, aghalabu hutengenezwa kwa mojawapo ya mbao hizi. Chipubodi ni vumbi na vipande vya mti vilivyoshindiliwa kwa gundi, kisha vikavikwa ngozi laini ya melamini. Ndiyo rahisi kuliko zote, nayo ni nzuri kwa kabati la nguo katika chumba kikavu. Jikoni, maji yakipata upenyo mdogo tu ukingoni, huvimba kama mkate, na ikishavimba hairudi. MDF ni unga wa mti ulioshindiliwa zaidi. Hupokea rangi vizuri na hutoa ile milango laini inayong'aa, lakini nayo ni adui wa maji. Blokibodi ina vipande vya mti halisi katikati, hushika skurubu vizuri zaidi, na kwa milango mirefu haipindi upesi. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zilizopishanishwa, na ile ya merini huunganishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Ni ghali zaidi, lakini kwa jikoni la Pwani ndiyo yenye kustahimili kati ya mbao za kiwandani.

Kisha iko mbao nzima. Mvule na mkangazi zina sifa ya tangu zamani, ila bei yake imepanda mno. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, wenye karakana walizoea kutegemea zaidi mbao za nje, zikiwemo za Kongo na Tanzania. Saiprasi na msindano ni nafuu, lakini bila dawa mchwa huzifurahia. Ule mti ulio nyuani kwetu, mwarobaini, unadharauliwa bila sababu. Mbao yake ni ngumu ya kutosha, uchungu wake huwachukiza wadudu, na mafundi wa Lamu na Malindi wameizoea. Kasoro yake ni kwamba vipande virefu vilivyonyooka ni nadra, na ikitumika kabla ya kukauka hupinda. Kwa fremu ndogo ya mlango wa kabati, kasoro hiyo haidhuru.

Fundi yule alitufundisha jaribio ambalo kila mama anaweza kulifanya bila gharama. Kabla ya kulipa chochote, mwombe muuzaji kipande kilichobaki cha ubao uleule atakaoutumia, hata kiwe kama kiganja. Kipime unene, kitie ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi kipime tena. Ubao utakaokuwa umenenepa na kuachana ukingoni umekwisha kusema maneno yake yote. Muuzaji akikataa kutoa kipande, hilo nalo ni jibu. Tulifanya hivyo kwa vipande viwili usiku ule: kimoja kilitoka katika duka lenye makisio, cha pili ni plaiwudi ya merini kutoka karakana. Asubuhi cha kwanza hakikuweza kushikwa bila kumeguka. Binti yangu hakusema neno. Alikifunga katika mfuko wa nailoni akampelekea mumewe.

Hapo ndipo fundi alipotupigia hesabu kwa kalamu iliyokuwa sikioni. Ubao mmoja wa kiwandani una urefu wa sentimita 244 na upana wa 122. Kaunta ya jikoni huwa na kina cha sentimita 60, na si kwa bahati: ubao ukipasuliwa katikati hutoa vipande viwili vya upana huo bila kupoteza. Kwa kaunta yenye urefu wa mita 3, iliyogawanywa kabati tano za sentimita 60, kuta za pembeni, sakafu na rafu humeza karibu mbao tatu. Milango yote mitano hutoka katika ubao mmoja. Maana yake ni kwamba robo tatu ya mbao unayoilipia haionekani. Imejificha ndani na chini, ikigusa ukuta na sakafu, karibu na bomba, pale ambapo maji na mchwa huanzia. Unalipa zaidi kwa kile kitakachokufa mwanzo.

Bila shaka msomaji ameshaona tulikokuwa tunaelekea. Tuliporudi Mtwapa, binti na mumewe walimwita mwashi wao, ambaye bado alikuwa na kazi ya lipu na ambaye mawe yaliyosalia yalikuwa yamerundikwa uani. Wakamwomba awajengee mwili wa kabati kwa jiwe. Jambo hili si geni. Nyumba nyingi za Mombasa zina kaunta ya zege iliyobebwa na kuta fupi. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango. Waashi hujenga kwa kukisia, kisha seremala akija hukuta matundu yasiyolingana, na mama hukuta nafasi isiyomeza sinia yake.

Kwa hiyo mama watoto alitoa amri moja iliyoniridhisha kuliko ushauri wangu wote: vyombo vipimwe kwanza. Walitoa sinia kubwa la pilau, sufuria ya shughuli, mbuzi, kinu, ungo, kibao cha chapati, birika na chupa za chai, wakaviandika kimoja kimoja kwa kipimo. Sinia lilikuwa na upana wa sentimita 68. Katika kabati zile za picha, zenye upana wa sentimita 60 kwa nje, lisingeingia kwa namna yoyote, na lingeishia juu ya friji kama linavyoishia katika nyumba nyingi.

Mpango waliouandika ulikuwa hivi. Ukuta wa jikoni wa mita 3 uligawanywa vyumba vitatu badala ya vitano, kwa kuwa kila ukuta mfupi wa jiwe pamoja na lipu yake huchukua sentimita 12 au 13, na vikizidi kuwa vingi hula nafasi. Kila chumba kilibaki na uwazi wa takriban sentimita 83. Sakafu yake iliinuliwa sentimita 10 kutoka chini na kurudishwa ndani kidogo, ili vidole vya anayesimama vipate mahali na maji ya kudekia yasiingie. Chumba kimoja hakikuwekwa rafu, ili sinia na mbao za chapati zisimame wima. Cha katikati kiliachwa kwa sinki, na bomba zikabaki wazi kufikiwa na fundi bila kuvunja kitu. Ndani yote yakavikwa vigae vilivyosalia vya bafuni, na sehemu ya juu ikamwagwa teraso.

Urefu wa kaunta haukuchukuliwa kitabuni. Wengi hutumia sentimita 85 hadi 90, lakini aliye mfupi huumia mabega na aliye mrefu huumia mgongo. Kanuni nyepesi ni hii: simama wima, kunja kiwiko, kisha shusha kipimo sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Hapo ndipo mkono hukata kitunguu bila taabu. Anayesukuma chapati kila siku huhitaji chini zaidi kidogo, na sehemu fupi ya kaunta inaweza kushushwa kwa ajili hiyo.

Seremala alipewa kilichobaki, yaani milango sita na droo tatu tu. Fremu za mwarobaini uliokauka, katikati vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa, kama madirisha ya nyumba zetu za kale. Kabati lililofungwa kabisa katika hewa ya Pwani huota ukungu na kunuka, hata likiwa la jiwe. Linalopumua hukauka lenyewe. Bawaba na skurubu walinunua za chuma kisichoshika kutu, na hapo hawakubania senti. Mlango mzuri juu ya bawaba mbovu huinama ndani ya mwaka, na watu huulaumu ubao.

Neno moja la usalama lisipite. Usiufungie mtungi wa gesi ndani ya kabati lisilo na tundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu bali hutuama chini na kusubiri cheche. Mahali bora pa mtungi ni nje ya nyumba, penye kivuli na hewa, mpira au bomba lake likipita ukutani kwa ufundi wa mtu anayeijua kazi. Ikibidi ukae ndani, basi pawe na matundu ya wazi chini kabisa, usawa wa sakafu. Hapana urembo unaolingana na uhai wa watoto.

Gharama yao yote, mwashi, seremala, chuma na teraso, ilikuwa chini ya nusu ya makisio ya duka. Tangi limewekwa, na hakuna deni. Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba jiwe halina taksiri. Halihamishiki, mwenye kupanga nyumba hawezi kulijenga. Ni zito, na juu ya ghorofa lazima mhandisi au mjenzi mwenye ujuzi aulizwe kwanza kama sakafu itaubeba mzigo huo. Linapaswa kuamuliwa kabla ya vigae na mabomba, si baada yake. Tena halifai kwa makabati ya juu ukutani. Hayo yafanywe kwa plaiwudi ya merini au alumini, yenye kina cha sentimita 30 hadi 35, au yaachwe mpaka riziki nyingine. Rafu mbili za wazi huhifadhi vikombe vizuri mno. Aliyepanga, naye na anunue kabati la kusimama lenye miguu ya chuma au plastiki, alitenge na ukuta vidole viwili, ili siku ya kuhama aondoke nalo.

Limebaki suala la mkataba, kwa kuwa hapo ndipo ndugu na majirani wengi hugombana. Kuagiza kitu kitengenezwe kwa sifa maalumu kunaitwa istisnai katika fiqhi. Wanazuoni wa Kihanafi waliukubali tangu zamani kama mkataba unaojitegemea, ilhali katika madhehebu yetu ya Shafii huangaliwa kwa masharti ya salam, ambayo hutaka thamani ilipwe papo hapo. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, iliujuzisha na kuruhusu malipo kucheleweshwa au kugawanywa kwa awamu zinazojulikana, mradi kitu kibainishwe aina yake, kiasi chake na sifa zake, na muda wake ujulikane. Tazama jinsi sharti hilo linavyowalinda wote wawili. Neno "kabati zuri" halibainishi kitu. "Milango sita ya mwarobaini mkavu, unene kadhaa, bawaba za chuma kisichoshika kutu, tayari tarehe fulani" limebainisha.

Na iandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, nasi tunaisoma kila siku kisha tunampa fundi arbuni kwa mdomo mlangoni. Karatasi moja yatosha: vipimo, aina ya ubao, awamu za malipo, tarehe, na nani atanunua vifaa. Fungu la mwisho la fedha libaki mkononi mpaka milango ifungike na droo ziteleze. Fundi naye alipwe siku ileile anapomaliza, asizungushwe. Jasho lake ni haki yake.

Kuhusu mikopo ya majiko inayoongezeka kila mwezi, hukumu ya riba mnaijua na sina haja ya kuirudia. Nitaongeza la kidunia tu: deni la miaka mitatu kwa ubao utakaovimba katika mwaka wa pili maana yake ni kukilipia kitu ukishakitupa.

Basi dada zangu, na nyinyi ndugu zangu mnaotoa fedha, anayetaka kujenga jiko na aanze kwa kupima vyombo vyake na kiwiko chake. Aulize mwili, mlango na chuma, kila kimoja kwa bei yake. Alipie zaidi kinachoguswa na maji na kinachozunguka kila siku, yaani sinki, bawaba na reli za droo. Alipie kidogo kinachong'aa. Kama mwashi bado yuko nyumbani na mawe bado yako uani, aizungumze kaunta kabla hajaondoka. Na kipande cha ubao kikae ndoo ya maji usiku mmoja kabla ya arbuni kutoka mkononi.